Jicho Vivu kwa Mtu Mzima: Daktari Anajibu Barua za Wasomaji

Barua zilizofika mezani kwangu kuhusu jicho vivu, yaani jicho lisiloona vizuri kwa sababu ubongo ulijizoeza kuipuuza picha yake tangu utotoni, ambalo wataalamu huliita ambliopia, zimetoka karibu zote kwa watu wazima, na karibu zote zimebeba sentensi ile ile: "Niliambiwa nimechelewa." Nimechagua chache zinazowakilisha nyingine. Naanza na iliyo fupi, kwa kuwa ndiyo isiyostahili kusubiri. Mwandishi wake nimekwisha kumjibu moja kwa moja, lakini wapo wengine ambao huenda wako katika hali kama yake.

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa miaka 45. Tangu wiki mbili zilizopita naona vitu viwili viwili, na jicho langu la kulia limeanza kwenda upande. Nimesoma habari za jicho vivu na nadhani ndilo lililonipata. Nianze mazoezi gani?

Jibu: Mwalimu, hilo si jicho vivu, na tafadhali usianze zoezi lolote. Jicho vivu haliingii ukubwani. Hujengeka katika miaka ya mwanzo ya maisha, wakati ubongo ungali unajifunza kuona, na anayelibaini akiwa na miaka 40 amelibaini tu, hakulipata wakati huo. Mtu mzima ambaye hajapata kuwa na makengeza akianza kuona viwili viwili, au nguvu ya jicho moja ikishuka ghafla au katika siku chache, tunatafuta sababu nyingine kabisa: kisukari au shinikizo la damu lililodhuru mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya jicho, kiharusi, uvimbe unaokandamiza mshipa huo, ugonjwa wa tezi ya shingo, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyobanduka, au uvimbe katika mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Nenda hospitali leo. Ikiwa pamoja na hayo kichwa kinakuuma sana, kope imeanguka, mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au mkono na mguu vimepungukiwa nguvu, pita moja kwa moja kwenye sehemu ya dharura, usisubiri siku ya kliniki ya macho.

Swali: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 34. Jicho langu la kushoto halioni vizuri tangu nilipojitambua, lakini hakuna aliyelijua mpaka tulipopimwa macho shuleni nikiwa na miaka 11. Niliambiwa kuwa tiba yake huisha mtoto akifika miaka 7, kwa hiyo nimechelewa. Tangu hapo kila miwani niliyopewa naona haileti tofauti upande huo. Nikiziba jicho la kulia, lililo zima, ninaziona herufi za kitabu, ila zinakanyagana kama watu mlangoni, na neno silipati. Kutunga uzi kwenye sindano kunanichukua muda kuliko wenzangu. Je, ni kweli kwamba hakuna la kufanya?

Jibu: Dada yangu, hiyo sentensi ya herufi kukanyagana ningependa niwasomee wanafunzi wangu wa udaktari, maana umeeleza kwa maneno machache jambo ambalo wao hulihangaikia ukurasa mzima. Jicho vivu mara nyingi huweza kuisoma herufi moja iliyosimama peke yake, lakini herufi hiyo hiyo ikizungukwa na jirani zake hupotea. Ndiyo maana anayekupima kwa kukuonyesha herufi moja moja anaweza kuandika kwamba jicho lako ni zuri kuliko lilivyo. Utakapokwenda kupimwa tena, omba upimwe kwa mstari mzima wa herufi.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika jicho vivu, jicho lenyewe kwa kawaida ni zima: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inang'aa, lenzi ni safi, retina ikitazamwa haina doa. Hitilafu iko katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea picha. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo haijakamilika. Hukamilishwa na picha zinazoingia kutoka macho yote mawili, na macho hayo hushindania nafasi. Jicho moja likileta picha yenye ukungu kwa sababu namba yake ya miwani ni kubwa mno kuliko ya mwenzake, au likitazama upande kwa sababu ya makengeza, au likizibwa na mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au kope iliyoanguka, ubongo huchagua picha iliyo safi na kujizoeza kuipuuza ile nyingine. Kati ya mtu 1 na 3 katika kila watu 100 wana hali hii. Wale wenye makengeza hugunduliwa mapema kwa sababu kila mtu anayaona. Wale kama wewe, ambao nadhani tatizo lao lilikuwa tofauti ya namba kati ya jicho na jicho, hupita utoto mzima bila mtu kushuku, kwa kuwa jicho zima huwafanyia kazi zote.

Habari ya kuchelewa ina asili yake. Katika miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard walifumba jicho moja la mtoto wa paka kwa kushona kope zake, kisha wakalifungua baadaye. Waligundua kwamba chembe za ubongo zilizopaswa kulitumikia jicho hilo zilikuwa zimehamia upande wa jicho lililobaki wazi. Walipofanya hivyo hivyo kwa paka aliyekwisha kukua, hakukutokea dhara kama hilo. Kazi yao iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ikatufundisha kwamba kuna kipindi ambacho ubongo wa kuona hufinyangika kwa urahisi. Tatizo ni kwamba somo hilo lilibebwa likapelekwa mbali kuliko lilikotoka. Kipindi cha jicho kudhurika na kipindi cha jicho kuweza kutibika si kimoja, lakini kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa kimoja, na watoto wa miaka 9, 10, na 11 wakarudishwa nyumbani na jibu ulilopewa wewe.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Marekani juu ya watoto na vijana 507 wenye umri kati ya miaka 7 na 17. Baadhi walipewa miwani sahihi tu. Wengine walipewa miwani na juu yake wakatibiwa kwa kuzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kila siku. Katika kundi la miaka 7 hadi 12, walioongeza angalau mistari 2 kwenye ubao wa herufi walikuwa 53 katika kila 100 waliozibwa jicho, dhidi ya 25 waliopewa miwani tu. Kwa wale wa miaka 13 hadi 17 matokeo yalikuwa hafifu kwa jumla, lakini miongoni mwa ambao hawakuwahi kutibiwa kabla, nafuu hiyo iliwafikia 47 katika kila 100 waliozibwa jicho, dhidi ya 20. Naomba uitazame vizuri tofauti hiyo ya mwisho, kwa sababu wewe pia hukuwahi kutibiwa. Hata hivyo, nisikufiche kwamba wengi wao, hata waliopata nafuu, hawakufikia kuona sawa na jicho la pili, na kwamba wewe una miaka 34, si 16.

Unachoweza kufanya, na ambacho ningekushauri ungekuwa umekaa mbele yangu, ni kuanza upya kana kwamba hukuwahi kupimwa. Daktari akutie matone ya kulegeza msuli unaokaza lenzi ya jicho, ili namba yako halisi isifichwe na jitihada za jicho lenyewe, kisha aikague retina na mshipa wake kwa makini, maana si kila jicho lisiloona vizuri tangu utotoni ni jicho vivu. Lipo lenye kovu la zamani katikati ya retina ambalo hakuna aliyewahi kulitazama. Atakupa pia kadi yenye kitundu kidogo uchungulie. Ukungu unaotokana na miwani isiyofaa hupungua mtu akichungulia kwenye kitundu hicho, lakini jicho vivu kwa kawaida halisogei zaidi ya pale miwani sahihi inapolifikisha.

Baada ya hapo vaa miwani hiyo, au lenzi zinazovaliwa juu ya jicho ikiwa tofauti ya namba ni kubwa, kwa miezi kadhaa, tena muda wote uwapo macho. Umesema miwani haileti tofauti. Sishangai, maana huenda uliijaribu kwa dakika chache dukani, ukatazama ukutani, ukaona ukungu ule ule. Jicho vivu halijibu siku ya kwanza. Katika watoto inajulikana wazi kwamba miwani peke yake huendelea kuongeza nguvu ya jicho wiki baada ya wiki, na hata kwa vijana na watu wazima imeonekana kuwa wapo wanaoongeza mstari au zaidi kwa miwani tu, kabla ya tiba nyingine yoyote. Kuhusu lenzi za juu ya jicho, faida yake ni kwamba miwani yenye namba mbili zinazoachana sana hukuza picha ya upande mmoja na kupunguza ya upande wa pili, na ubongo hushindwa kuziunganisha. Lenzi iliyokaa juu ya jicho hupunguza tofauti hiyo.

Kuziba jicho zima ni hatua ya baadaye, na kwa mtu mzima haifanywi bila usimamizi. Sababu yake si kwamba utafanya kazi kwa shida, ingawa hilo lipo, na hutaendesha chombo cha moto wala mashine yenye sindano ukiwa umeziba jicho. Sababu kubwa ni kwamba ubongo wako, kwa kuipuuza picha ya kushoto, umekuwa ukikukinga usione viwili viwili. Mtu akiivunja kinga hiyo bila macho kuwa na uwezo wa kuungana, anaweza kubaki na picha mbili ambazo hazifutiki. Ni jambo la nadra, lakini likitokea ni adha ya kila saa, na mtaalamu ana njia za kupima kabla, kwa vioo vya rangi nyekundu vinavyoongezwa giza hatua kwa hatua mbele ya jicho, ili ajue kinga hiyo ni nzito kiasi gani.

Kwa habari ya sindano, huenda hata jicho likiongeza mistari 2 kasi yako isibadilike. Kutunga uzi kunahitaji kujua kama ncha iko mbele ya tundu au nyuma yake, na ujuzi huo hutokana na macho mawili kulinganisha picha zao. Nimewahi kumwona fundi mwenye hali kama yako akiegemeza kidole cha mkono wa uzi kwenye kidole cha mkono wa sindano kabla ya kusukuma. Mikono ikampa kipimo ambacho macho hayakumpa. Bila shaka nawe una mbinu yako.

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 22, jicho la kulia ni vivu na nilitibiwa kwa kuzibwa nikiwa mdogo, likafika mahali likagoma. Kwenye simu naletewa matangazo ya programu za michezo zinazodai kuponya jicho vivu kwa watu wazima katika wiki sita. Nilipe au ni utapeli?

Jibu: Marahaba. Si utapeli mtupu, na si tiba iliyothibitika kama tangazo linavyodai. Ngoja nikueleze ilikotoka, ili ujue unachokinunua.

Njia ya kwanza ni ya kulifundisha jicho kwa kazi ngumu inayorudiwa. Mtu hutazama vijistari hafifu vya kijivu juu ya mandhari ya kijivu, akaulizwa kama vipo au havipo, kwa maelfu ya mara, na kila anapopatia vinafifishwa zaidi. Inachosha, lakini tafiti kadhaa, ukiwamo mmoja mashuhuri kutoka Israeli uliochapishwa mwaka 2004, zimeonyesha kuwa watu wazima huongeza uwezo wa kutofautisha weusi na weupe na huongeza pia usomaji wa herufi, kwa kawaida kwa mstari mmoja hadi miwili. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwapa watu wazima 20 michezo ya kawaida ya video waicheze jicho zima likiwa limezibwa, na baada ya saa 40 jicho vivu lilikuwa limepata nafuu inayopimika. Kundi lilikuwa dogo, lakini jambo lenyewe, kwamba ubongo wa mtu mzima haujawa jiwe, lilikuwa limeonekana.

Njia ya pili ndiyo inayotangazwa zaidi, na wazo lake nalipenda. Badala ya kulifungia nje jicho zima, unayapa macho yote mawili kazi moja ambayo haitimii bila yote mawili. Mwaka 2013 kundi la Robert Hess wa Chuo Kikuu cha McGill lilitumia mchezo wa matofali yanayodondoka, Tetris, kupitia miwani ya video: jicho moja lilionyeshwa tofali linaloshuka, la pili likaonyeshwa yaliyokwisha kutua chini, na picha ya jicho zima ikafifishwa ili jicho vivu lipate usemi. Watu wazima 18 walishiriki, saa moja kwa siku kwa wiki mbili. Waliocheza kwa macho mawili waliwapita waliocheza kwa jicho moja. Habari hiyo ilisambaa upesi, na biashara ikaifuata.

Kisha ukaja utafiti ambao matangazo hayautaji. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya watu 115, wa miaka 7 na kuendelea, waliocheza mchezo wa aina hiyo nyumbani kwa wiki sita. Nusu yao walipewa mchezo uliofanana kwa sura lakini usiokuwa na tiba ndani yake. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa yameongeza kidogo, na kwa kiasi kile kile. Maana yake ni kwamba sehemu ya nafuu inayoonekana hutokana na kupimwa mara kwa mara, kuvaa miwani vizuri na kujitahidi, si mchezo wenyewe. Vifaa vya macho mawili vilivyopata idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani kuanzia mwaka 2021 vililenga kwanza watoto wadogo, kwa mfano wa miaka 4 hadi 7, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Anayetumia idhini hiyo kumuuzia kijana wa miaka 22 anaazima nguo isiyo yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwulize mwenye programu ni nani atakayekupima kabla na baada, kwa ubao gani, na nini kitatokea ukianza kuona viwili viwili. Akikujibu kwa ushuhuda wa wateja, weka simu chini. Lakini ukimpata mtaalamu anayekupima macho yote mawili pamoja, anayekuambia mapema kwamba lengo ni mstari mmoja au miwili, na anayeweka tarehe ya kuacha ikiwa hakuna mabadiliko, sina sababu ya kukuzuia. Na kwa kuwa wengine wameniuliza: dawa ya levodopa, ambayo hutumiwa kwa ugonjwa wa Parkinson na ambayo iliwahi kuleta matumaini, ilijaribiwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha faida ya maana. Vidonge vya vitamini havina nafasi hapa.

Swali: Nina miaka 41 na makengeza ya jicho la kushoto, ambalo pia ni vivu. Nataka kufanyiwa upasuaji, lakini ndugu zangu wanasema huo ni urembo tu kwa kuwa jicho halitaona zaidi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Kila upande una nusu ya ukweli. Upasuaji wa makengeza husogeza nyuma au kufupisha misuli inayolishika jicho. Hauugusi ubongo, na kwa hiyo jicho vivu litabaki na nguvu ile ile siku ya pili yake. Lakini neno urembo silikubali. Mtu ambaye kila anayezungumza naye hugeuka kutazama nyuma akidhani anamsemesha mwingine hatafuti urembo anapotaka macho yake yaelekee mahali pamoja. Anataka kurudishiwa hali ya kawaida. Zaidi ya hayo, jicho lililoelekea puani likinyooshwa, upana wa eneo ambalo mtu huliona bila kugeuza kichwa unaweza kuongezeka.

Hatari unayopaswa kuijadili na mpasuaji ni ile ile niliyomweleza fundi, yaani kuona viwili viwili, kwa sababu picha ya jicho lililonyooshwa huangukia mahali pengine ambapo ubongo haukuwa umepazoea kupapuuza. Hujaribiwa kabla kwa vioo vya pembetatu vinavyoonyesha macho yatakuwaje yakinyooka. Jua pia kwamba jicho lisiloona vizuri lina tabia ya kurudi kupinda baada ya miaka, kwa kuwa halina picha ya kulishikilia mahali pake, na wengine huhitaji upasuaji wa pili.

Ulitaja, katika sehemu ya barua niliyoifupisha, habari za mwanamke aliyeanza kuona kina cha vitu ukubwani. Bila shaka ni Susan Barry, mwanasayansi wa mfumo wa fahamu wa Marekani, aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, akafanyiwa upasuaji mara tatu, na ambaye baada ya mazoezi ya macho akiwa na miaka 48 aliuona usukani wa gari lake ukiwa umejitokeza mbele ya dashibodi, kama kitu kilichoelea hewani. Habari yake ni ya kweli na ni ya ajabu. Ila watu huisimulia kana kwamba alikuwa na jicho vivu, na sivyo: macho yake yote mawili yalikuwa yakiona vizuri, moja baada ya lingine, kilichokosekana ni ushirikiano. Aliye na jicho vivu zito anaanzia mbali kuliko alipoanzia yeye.

Swali: Je, mionzi ya leza ya kuondoa miwani inatibu jicho vivu?

Jibu: Hapana. Leza huchonga konea ili picha itue sawasawa kwenye retina, kazi ambayo miwani hufanya pia; pale miwani inapoishia, leza nayo huishia hapo hapo. Inaweza kumfaa mwenye tofauti kubwa ya namba asiyeweza lenzi za juu ya jicho. Kuligusa jicho zima kwa upasuaji usio wa lazima, ilhali ndilo pekee linalotegemewa, ni jambo ambalo wapasuaji wengi waangalifu hukataa, na wana haki.

Swali: Daktari, nina miaka 68. Jicho langu la kulia lilikuwa vivu maisha yangu yote. Sasa la kushoto, lililokuwa zima, limeharibika katikati kwa ugonjwa wa retina wa uzeeni. Jambo la ajabu ni kwamba la kulia naona limeanza kuamka. Mwaka jana sikuweza kusoma vichwa vya habari kwa jicho hilo, sasa nasoma. Je, najidanganya?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hujidanganyi. Madaktari wamelirekodi jambo hili kwa wagonjwa mbalimbali waliopoteza jicho zima kwa ajali au kwa ugonjwa kama wako: sehemu yao, ingawa si wengi, jicho vivu liliongeza nguvu miezi iliyofuata, hata katika umri mkubwa. Ni kama ubongo, ukiwa umenyang'anywa chanzo ulichokitegemea, umerudi kwenye kile ulichokipuuza. Mimi huuona huu kuwa ushahidi mzito kuliko michezo yote ya kompyuta, ingawa nisingemtakia mtu aupate kwa njia hiyo.

Usiliache jicho hilo lijitafutie lenyewe. Huenda miwani yako ya upande wa kulia haijabadilishwa kwa miaka, kwa kuwa kila aliyekupima aliona hakuna haja. Sasa haja ipo. Ikiwa jicho hilo lina mtoto wa jicho, uliza kama kuuondoa kutasaidia, hata ikijulikana kwamba kuna kikomo ambacho halitavuka. Jicho la kushoto nalo lisitupwe: baadhi ya aina za ugonjwa huo hutibika kwa sindano zikianza mapema, na upande wa pembeni wa jicho hilo ungali unakusaidia kutembea.

Barua yako inanipa nafasi ya kuwaambia wale wa miaka 20 na 30 jambo ambalo hawaliulizi. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba mwenye jicho vivu ana uwezekano usiopungua asilimia 1.2, katika maisha yake, wa kupoteza nguvu ya jicho zima kwa kiwango cha kumletea ulemavu. Ni namba ndogo, na nyingi ya ajali zinazochangia hapo huzuilika. Ukiwa na jicho moja la kutegemea, vaa miwani ya lenzi za polikaboneti, zisizopasuka kirahisi, hata kama jicho hilo halihitaji namba yoyote. Vaa kinga kamili unapokata chuma, unapogonga msumari, unapokata majani kwa mashine au unapocheza mchezo wa mpira mdogo. Naye aliyepita miaka 40 apimwe presha ya jicho na retina kwa vipindi ambavyo daktari wake atampangia. Iwapo ningelazimika kumpa mtu mzima mwenye jicho vivu ushauri mmoja tu, ningeacha michezo na vibandiko vyote vya kuziba jicho, nikampa huu.

Swali: Mimi na dada yangu sote tuna jicho vivu. Mwanangu ana miaka 4, macho yake yamenyooka na anaona hata chungu sakafuni. Nimpeleke kupimwa?

Jibu: Mpeleke, na usitegemee chungu wa sakafuni, maana anamwona kwa macho mawili yakiwa wazi. Makengeza na tofauti kubwa za namba hutembea katika familia, na macho yaliyonyooka hayathibitishi lolote. Nyumbani unaweza kufanya jambo moja kama dalili, si kipimo: anapokuwa ametulia na picha anazozipenda, mzibe jicho moja kwa kiganja bila kuligandamiza, kisha siku nyingine mzibe la pili. Mtoto anayekubali kuzibwa la kushoto lakini akasukuma mkono na kulalamika kila anapozibwa la kulia anakuambia ni lipi analolitegemea. Hata asipolalamika, apimwe kwa matone.

Akikutwa na tatizo katika umri huo, tiba ni nyepesi kuliko unavyoikumbuka. Ulipokuwa mdogo huenda ulizibwa jicho kutwa nzima. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kuwa kwa jicho vivu la kiwango cha kati, kuziba saa 2 kwa siku huleta matokeo sawa na saa 6, na kwamba tone la atropini la kufifisha jicho zima linaweza kuchukua nafasi ya kibandiko kwa mtoto anayekibandua kila mara. Siku utakayompeleka, keti nawe kwenye kiti hicho hicho baada yake, uombe upimwe kwa mstari mzima wa herufi.